Akiba Isiyotoka Stoo Nayo Huoza

Wahenga walituachia neno kwamba akiba haiozi. Neno hilo tumelishika tangu utotoni, wala hatuna nia ya kuwabishia wakubwa. Walakini ipo akiba ya namna moja ambayo huoza, tena huoza kimya kimya ndani ya karatasi yake, mwenyewe akidhani kwamba anayo. Akiba hiyo ni vipuri vya magari vilivyosalia katika stoo za mafundi na wenye magari wa mji wetu wa Arusha. Leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya vipuri hivyo: vilitoka wapi, nani anavihitaji, na vipi yapasa viuzwe baina ya watu wanaoyapenda na kuyategemea magari yale yale, pasipo mmoja kumdhulumu mwenziwe.

Lililotusukuma kushika kalamu ni jambo tulilolishuhudia Ngarenaro, kata ya mafundi na wachuuzi ambayo jina lake latoka katika Kimaasai, maana yake maji meusi. Katika mtaa mmoja usio mbali na Soko la Kilombero aliishi fundi wa Land Rover aliyeianza kazi hiyo ujanani na kuiacha pale tu macho yalipomkatalia. Jina lake tunalihifadhi, kwa kuwa jamaa zake ni watu wa kawaida wasiotafuta kusomwa magazetini. Alipofariki dunia aliacha mjane, watoto watatu walio watu wazima, mjukuu mmoja aliye sekondari, na stoo ya mabati nyuma ya nyumba iliyofungwa kwa kufuli mbili.

Siku stoo ile ilipofunguliwa tulikuwapo miongoni mwa majirani. Ndani yalikuwamo magunia, makasha ya mbao na makopo ya maziwa yaliyojaa nati. Zilikuwamo beringi katika karatasi ya mafuta, seti za ringi za pistoni, shafti za ekseli zilizopakwa grisi na kuviringishwa kwa magazeti ya Uhuru ya miaka ya 1980, gasketi zilizotundikwa misumarini mfano wa nguo, kabureta mbili, taa, na mipira ya breki ambayo haikupata kuguswa na mafuta. Vingi kati ya vitu hivyo vilikuwa vipya, yaani havijafungwa garini hata siku moja, ingawa umri wao ulizidi umri wa vijana waliokuwa wakivitoa nje.

Watoto wa marehemu walitaka stoo iwe chumba cha kupangisha. Hatuwalaumu, kwa kuwa kodi ya chumba ni fedha ya kila mwezi, na kipuri kilicho gizani hakilipi karo ya mtoto. Mnunuzi wa chuma chakavu alikwisha kufika na mizani yake. Alitaja bei ya kilo, akakaa juu ya kasha akingoja jibu. Mizani ya chuma chakavu haina macho. Kwake yeye beringi mpya na kipande cha geti lililoliwa na kutu ni kitu kimoja, madhali vyote vina uzito.

Ndipo fundi mwenzake marehemu, mzee aliyefanya naye kazi miaka mingi, alipomwendea mjane na kumwambia, "Shemeji, nipe siku saba." Mama yule akamjibu, "Siku saba hizo mjukuu wangu atasoma kwa nini?" Lilikuwa swali la haki, wala fundi hakuwa na jibu la maneno. Alitoa mfukoni alichokuwa nacho, majirani wakaongeza, na mnunuzi wa chuma akaombwa arudi baada ya juma moja. Hivyo ndivyo siku saba zilivyopatikana.

Ili msomaji kijana aelewe kwa nini mtu mmoja alikusanya vitu vingi namna ile, hana budi kurudi nyuma pamoja nasi. Mwezi Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mpaka haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Kwa mji wa Arusha, ulio karibu na Nairobi kuliko ulivyo karibu na Dar es Salaam, jambo hilo lilikuwa mfano wa kukatwa mkono. Kabla ya hapo fundi aliyekosa kipuri aliweza kuvuka Namanga asubuhi na kurejea nacho jioni. Kule Kenya kilikuwapo hata kiwanda cha Leyland, mjini Thika, kilichounganisha Land Rover. Ghafula njia hiyo ikazibwa.

Juu ya hayo ikaja vita ya kumng'oa Idi Amin ya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda duniani, na fedha za kigeni zikaadimika. Kuagiza bidhaa kulihitaji kibali, na kibali kilihitaji fedha za kigeni ambazo taifa halikuwa nazo. Gari liliweza kusimama miezi kwa kukosa sili ya oili isiyozidi ukubwa wa kiganja. Sisi tuandikao tulikuwa tungali wachanga wa kubebwa mgongoni wakati mpaka ulipofunguliwa, lakini habari hizo tulilishwa pamoja na uji, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa nazo.

Katika hali hiyo fundi mwenye akili alijifunza kwamba kipuri kikionekana hununuliwa, hata kama gari la kukivaa halijaja. Akijaliwa kupata shafti mbili, moja huifunga na moja huificha. Kisha mwaka 1983, wakati Ndugu Edward Sokoine alipoongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, watu wengi walijifunza somo la pili, kwamba bidhaa iliyofichwa yaweza kumponza mwenyewe. Operesheni ile ililenga walanguzi na waficha bidhaa, na sababu zake zilikuwa wazi kwa taifa lililokuwa na njaa ya bidhaa. Lakini hofu haikuchagua, na wapo waliotupa mali usiku ili wasikutwe nayo. Bajeti ya Juni 1984 ililegeza kamba kwa kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na vipuri vikaanza kuingia tena.

Twaamini kwamba miaka hiyo iliwaachia mafundi wetu wazee tabia mbili kwa mpigo: tabia ya kulimbikiza na tabia ya kutoonyesha walicholimbikiza. Uhaba ulikwisha, lakini tabia zikabaki. Kwa hiyo hata leo yupo mzee mwenye kipuri ambacho kijana wa mtaa wa pili anakitafuta mji mzima, na wala hawa wawili hawajuani.

Ipo pia stoo ya aina ya pili, ambayo haikuzaliwa na uhaba. Makampuni ya kupeleka watalii Serengeti, Ngorongoro na Tarangire yalitumia Land Rover kwa miaka mingi, kisha moja baada ya jingine mengi yakahamia Toyota Land Cruiser. Kampuni ikibadili magari, vipuri vya magari ya zamani husalia rafuni. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipokatisha safari za watalii, magari mengi zaidi yalisimama na mengine yakauzwa. Stoo hizo nazo zina vitu vizuri vinavyongoja mizani.

Yafaa tuseme neno juu ya gari lenyewe, kwa maana thamani ya kipuri yatokana na umri wa gari linalokihitaji. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma cha bodi kilikuwa adimu, kwa hiyo waundaji wakatumia aluminiamu. Ni dhahiri basi kwamba gari hili lenyewe ni mtoto wa uhaba. Injini yake ya petroli ya lita 2.25 iliyoanza kutumika mwaka 1958 iliendelea, pamoja na marekebisho, hadi miaka ya 1980. Kwa sababu hiyo vipuri vingi vya gari la mwaka mmoja huingia katika gari la miaka kumi baadaye. Uundaji wa gari la umbo lile la kale, ambalo tangu 1990 liliitwa Defender, ulikoma kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Defender mpya iliyotangazwa mwaka 2019 ni gari jingine kabisa, na fundi hawezi kuvua kipuri kwa hili akamvika lile.

Lakini magari ya kale hayakukoma kutembea siku ile kiwanda kilipoyakomesha. Yangali yakibeba mama zetu kwenda minadani Longido, yangali yakishuka mashimo ya Mererani, na yangali yakipita mahali ambapo gari jingine hugeuza. Na wapo wale wanaoyatunza kwa mapenzi tu. Mwezi Oktoba 2024 mji wetu uliandaa tamasha la Land Rover, magari yakapanga msururu mrefu barabarani, mengine yakiwa yametoka mbali. Siku zile wenye magari walitambuana. Mwalimu alimjua mkulima, dereva wa abiria alimjua mwenye kampuni, na kila mmoja aligundua kwamba maradhi ya gari lake ni yale yale ya gari la mwenzake. Habari ya stoo ya Ngarenaro ilipotolewa, ni watu hao waliopashana habari.

Turudi basi katika zile siku saba. Fundi mzee hakuanza kwa kuuza, alianza kwa daftari. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa neno lao lilikuwa zito mno. Alikaa na vijana wawili wa mtaani, mmoja akisoma na mmoja akiandika, jioni tatu mfululizo chini ya taa moja. Kila kipuri kilifutwa vumbi na namba yake ikatafutwa. Vipuri vya zamani vya Land Rover vina namba za tarakimu sita, vya baadaye vilitanguliwa na herufi kama RTC na STC, na vya karibuni zaidi huanza na LR. Asiyeijua namba hukisia kwa macho, na anayekisia huwauzia watu hasara.

Tuliketi nao jioni moja, tukajifunza mambo ambayo shuleni hatukufundishwa. Pistoni haziwi za kipimo kimoja: silinda ikichongwa ili ipate uso mpya, huhitaji pistoni iliyozidi kwa sehemu kumi, ishirini, thelathini au arobaini za elfu moja ya inchi, na namba hiyo huwa imegongwa juu ya pistoni yenyewe. Shafti yenye meno 10 haiingii katika difu ya meno 24, hata mnunuzi akiapa kwamba gari lake ni Land Rover kama nyingine. Nati nyingi za gari la zamani hufunguliwa kwa spana ya inchi, na kijana anayelazimisha spana ya milimita huzila kona zake na kumwachia fundi mwingine taabu. Mzee alikuwa akiyasema haya huku mikono yake ikitenda, na kijana mwenye kalamu akaandika pembeni mwa daftari hata yale ambayo hakuagizwa kuyaandika. Tulimpongeza moyoni, kwa maana elimu ile nayo ilikuwa ndani ya stoo na ilikuwa karibu kuuzwa kwa kilo.

Baada ya daftari vipuri viligawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vile vilivyo salama: beringi zilizokaa ndani ya grisi, shafti, gia, pistoni na ringi, vitu vya chuma ambavyo muda haujaviharibu. Fungu la pili ni vile vyenye kasoro ya kuelezeka: kabureta iliyopungukiwa skrubu, taa yenye ufa, gia iliyokwisha kutumika. Fungu la tatu ni vile ambavyo havifai kumfikia mnunuzi kwa bei yoyote, na hapo ndipo kulipozuka mgogoro.

Katika fungu la tatu mzee aliweka mipira yote ya breki, sili zote za mpira, na lainingi za breki za zamani. Mpira huzeeka hata usipotumika. Hukauka, ukawa mgumu, ukapasuka pale unapokunjwa, na mpira wa breki ukipasuka mteremkoni hautoi nafasi ya pili. Lainingi za miaka ile zilichanganywa na asbesto, madini ambayo vumbi lake likivutwa huleta maradhi ya mapafu na saratani miaka mingi baadaye, na ambayo Uingereza, nchi lilikotoka gari hili, iliyapiga marufuku mwaka 1999. Fundi anayezisugua kwa msasa au kuzipuliza kwa upepo wa kompresa huivuta sumu hiyo, na mwanafunzi wake aliyechutama kando huivuta pia.

Jumapili ya mauzo ilipowadia, dereva mmoja mzee anayebeba abiria kwenda minadani aliiona ile mipira katika fungu la tatu, akaitaka. Alisema ni mipya, ingali katika mfuko wake, na kwamba dukani bei ni kubwa. Mjane naye alisogea kusikiliza, kwa maana mipira ilikuwa mingi na fedha yake ingekuwa ya maana. "Si mipya hii?" akauliza. Fundi hakubishana. Aliuchukua mpira mmoja, akaukunja taratibu mbele ya wote. Ukatoa mipasuko midogo midogo, mfano wa udongo wa bwawa lililokauka. Pakawa kimya. Kisha mama yule akasema, "Mume wangu hakupata kumpa mtu breki mbovu. Sitaanza mimi." Mipira ikakatwa vipande pale pale ili isije ikaokotwa na kuuzwa. Dereva alinuna kwa kitambo, kisha akanunua shafti mbili na kuondoka nazo begani, akisema kwamba mipira atainunua mjini.

Ndugu wasomaji, twaomba tusimame kidogo mahali hapa. Sisi tuliopita madrasa kabla ya shule ya serikali tulifundishwa mapema kwamba muuzaji anayeijua aibu ya bidhaa yake hana budi kuitaja, na kwamba mnunuzi aliyefichwa aibu ana haki ya kurudisha alichonunua. Tulipokua tukakuta kwamba sheria ya nchi haipo mbali na fundisho hilo: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, yataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo yake. Kwa hiyo mwenye imani na asiye nayo, wote wana mahali pa kukutania. Mtu anayemuuzia shabiki mwenzake kipuri anauza vitu viwili kwa pamoja: chuma, na neno lake juu ya chuma hicho. Neno likiwa bovu, chuma hakina faida.

Suala la bei lilihitaji busara ya namna yake. Asubuhi na mapema alifika mfanyabiashara mmoja kutoka nje ya mkoa, mwenye gari la kubebea na fedha taslimu, akataka kununua fungu lote la kwanza kwa mkupuo mmoja. Kwa mjane lilikuwa jambo la kushawishi, fedha yote kwa saa moja. Lakini wote waliokuwapo walijua yatakayofuata. Vipuri vile vingerudi Arusha baada ya miezi kadhaa kwa bei mara tatu, na wanaovihitaji wangevinunua kwa machozi. Tena bei aliyoitaja, ingawa iliupita mno ule wa mizani, ilikuwa chini ya thamani yake halisi.

Waliafikiana hivi. Kila kipuri kiliulizwa bei yake dukani siku ile, kisha ikapunguzwa kwa kadiri ya umri na hali yake, na bei ikaandikwa katika daftari mbele ya macho ya wote. Hadi adhuhuri kila mtu angenunua kile tu ambacho gari lake mwenyewe lakihitaji. Baada ya adhuhuri yeyote angenunua chochote kwa bei ile ile iliyoandikwa. Yule mfanyabiashara alikasirika, akaenda kunywa chai, kisha alasiri akarudi na kununua alichokikuta bila ya kupunguziwa. Hakuna aliyemfukuza wala aliyemwita mlanguzi, maana utaratibu ulikuwa umekwisha kumweka mahali pake.

Hatudai kwamba mambo yote yalikwenda vizuri. Wawili walichukua vipuri kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi, na mmoja wao hadi tunapoandika hajakamilisha. Nusu ya stoo ilibaki, na chumba cha kupangisha hakijapatikana. Chuma kilichokuwa chakavu kweli kweli kilipimwa na yule yule mnunuzi wa mizani, naye akapata riziki yake. Lakini fedha aliyoipokea mama yule kwa siku moja ilizidi mara kadhaa ile aliyoahidiwa kwa kilo, karo ya mjukuu ililipwa, na daftari likabaki nyumbani likionyesha nini kimesalia na bei yake.

Wapo watakaotuambia kwamba haya ni mambo madogo, kwamba taifa lina kazi kubwa kuliko nati na beringi za magari ya kale. Sisi twaona vingine. Si mbali na Ngarenaro, pale Kaloleni, lipo jengo ambalo leo ni Makumbusho ya Azimio la Arusha, kumbukumbu ya mwezi ule wa Januari 1967 wakuu wa TANU walipokutana mjini hapa na kulipitisha neno kujitegemea kuwa siasa ya nchi. Mengi yaliyoandikwa katika Azimio yamebadilishwa na nyakati. Lakini mtu anayelifanya gari la zamani litembee kwa kipuri kilichokuwa kikioza kwa jirani yake anajitegemea, iwe ameyasoma maandishi hayo au la.

Wala si sisi peke yetu duniani. Wacuba, waliofungiwa biashara na Marekani tangu miaka ya mwanzo ya 1960, wameyaendesha magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 kwa ubunifu wa mafundi wao na kwa kuazimana walichonacho. Na Waingereza, ambao hawakufungiwa na mtu, wana soko la vipuri vya magari ya kale huko Beaulieu, lililoanza mwaka ule ule wa 1967, ambako mwenye mabaki hukutana na mwenye upungufu na kuuziana uwanjani mchana kweupe. Mmoja alisukumwa na dhiki na mwingine na mapenzi, lakini wote wawili walifika mahali pamoja: walivitoa vipuri gizani na kuviweka mbele ya watu.

Nasi tuna kila sababu ya kufanya hivyo. Vipuri bandia vimejaa madukani, na mwenye gari aweza kununua beringi yenye jina kubwa juu ya boksi ikamfia kabla ya kufika Makuyuni. Vipuri halisi vilivyohifadhiwa kwa grisi katika stoo za Ngarenaro, Unga Limited na Sombetini ni hazina ambayo haitaagizwa tena, kwa sababu vingine havitengenezwi.

Kwa hiyo twatoa rai. Mzee mwenye stoo asingoje kifo kimfungulie kufuli. Aketi na kijana, aandike daftari, ataje kila kitu kwa namba yake wakati angali anakumbuka kinafunga wapi. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichofundisha mafundi tangu mwaka 1978, hakikosi vijana ambao wangejifunza mengi kwa kuandika orodha ya stoo moja tu. Wenye magari, waliozoea kukutana kwa fahari barabarani, wakutane pia kwa mafungu ya vipuri, mara moja au mbili kwa mwaka, katika kiwanja kitakachokubaliwa na serikali ya mtaa. Kila kipuri kiwe na mwenyewe anayejulikana na asili inayoelezeka, kwa maana soko la mabaki lisilouliza mali imetoka wapi hugeuka mara moja kuwa soko la wezi wa taa na vioo. Na vitu vya breki vilivyozeeka vikatwe, visiuzwe wala visigawiwe bure.

Jioni ya Jumapili ile, wakati Mlima Meru ulipokuwa ukijifunika wingu lake, tuliwaona vijana wawili wa daftari wakizifunga upya zile shafti zilizosalia. Gazeti la zamani lilikuwa limechanika, nao wakatafuta jipya. Walipaka grisi kwanza, kama walivyofundishwa, kisha wakaandika namba kwa nje kwa kalamu nene, meno mangapi na gari gani. Mama mwenye nyumba akafunga mlango kwa kufuli moja, na ufunguo wa pili akampa fundi mzee.